Kabla Hujajaza Fomu ya Famasi

Maneno haya aliyasema mfamasia mmoja wa Tanga mjini mbele ya wanafunzi wa sayansi wa sekondari na wazazi wao. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokaa huko nyuma mkidhani siwaoni: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na wazee wangu shikamooni.

Nimeitwa nizungumzie kujiandaa kuingia chuo cha famasi. Najua wengi mmekuja na kalamu mkitaka niwape pointi, tarehe na majina ya vyuo. Nitawapa. Lakini hayo mtu anaweza kuyapata kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, akiwa amejilaza kitandani na simu yake. Kilichonitoa dukani leo ni kingine. Nataka anayeomba famasi awe ameiona kazi yenyewe kwa macho yake, na asome kemia na hesabu akijua zitamsaidia nini mbele ya mgonjwa. Hayo yakikaa sawa, fomu ni kazi ya mchana mmoja.

Kila mwaka mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. "Shangazi, udaktari naona umenipita. Nijaze famasi?" Nijaze! Kama vile famasi ni nafasi tupu kwenye fomu inayotafuta kitu cha kuizibia. Sina ugomvi na aliyetamani udaktari. Hata mimi nina wenzangu waliotamani hivyo na leo ni wafamasia hodari. Ninachokataa ni kijana kutumia miaka minne akisoma kitu anachokiona ni adhabu. Huyo mwaka wa kwanza analalamika, mwaka wa pili anaanza kubeba masomo ya kurudia, na akimaliza anataka ofisi yenye kiyoyozi ambako hatakutana na mgonjwa yeyote.

Basi tuanze na kazi.

Watu wengi wakiniona kaunta wanaona mama anayehesabu vidonge na kuandika "1x3" kwenye bahasha. Chukueni dawa ambayo hakuna nyumba ya Tanga isiyoijua, mseto wa malaria, ALu. Nchi yetu iliifanya dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006, baada ya SP, dawa iliyoitangulia, kuzidiwa na vimelea, na SP nayo ilikuwa imeingia mwaka 2001 baada ya klorokwini kushindwa. Kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtu mzima mwenye kilo 35 na kuendelea anameza vidonge 4 kwa mara moja, mara sita, ndani ya siku tatu. Jumla 24. Dozi ya pili haingoji jioni wala asubuhi, inafuata saa nane baada ya ile ya kwanza, na baada ya hapo ni kila baada ya saa kumi na mbili.

Sasa mwangalieni baba anayetoka na pakiti yake. Anameza siku ya kwanza, siku ya pili homa imeshuka, anaanza kujisikia mtu. Vidonge vilivyobaki anaviweka juu ya kabati, "vitamfaa mtoto akiugua." Hapo pana makosa mawili. Artemetha inafanya kazi haraka, inafyeka vimelea vingi mno kwa muda mfupi, kisha yenyewe inatoka mwilini upesi. Lumefantrini ndiyo inayobaki siku kadhaa ikimalizia waliosalia. Ukikatisha dozi, umewaachia waliosalia nafasi. Na mtoto aliyewekewa akiba atapewa kiasi ambacho hakuna aliyekipima kwa uzito wake.

Halafu kuna chakula. Lumefantrini inapenda mafuta, ukiimeza na tumbo tupu inaingia kidogo tu kwenye damu. Kwa hiyo mfamasia anamwambia mgonjwa ameze na chai ya maziwa, au baada ya wali na samaki wa nazi, jambo ambalo kwa bahati nzuri hapa Tanga halihitaji kubembelezana. Haya yote unayasema kwa dakika moja na nusu, kuna watu saba nyuma yake kwenye foleni, na mmoja wao amekuja na baiskeli anaogopa itaibiwa.

Hiyo ndiyo kazi: kujua dawa inafanya nini, na kumwambia mtu kwa lugha atakayoifuata. Kama hupendi watu, fikiri mara mbili. Ni kweli famasi si kaunta peke yake. Wapo wafamasia wa hospitali, wapo Bohari ya Dawa wanaohakikisha shehena inafika zahanati ya mwisho kabisa Kilindi, wapo TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wanaokagua dawa zinazoingia nchini kwa bandari na kwa mipaka, na sisi tuna bandari na tuna Horohoro. Wapo viwandani, wapo maabara, wapo wanaofundisha. Lakini wote hao, mwisho wa mnyororo wao, kuna mtu anaweka kidonge mdomoni.

Na kwa kuwa nimetaja kazi, niseme na la aibu. Baraza la Famasi linafanya kazi chini ya Sheria ya Famasi ya mwaka 2011, na duka la famasi linatakiwa liwe na mfamasia msimamizi. Wapo wanaomaliza chuo, wanamkodishia mwenye duka cheti chao kining'inizwe ukutani, wenyewe wako Dar es Salaam wanafanya mengine. Mwezi ukiisha wanapokea hela. Dawa zinatolewa na kijana ambaye hajasomea chochote. Mzazi, kama hesabu yako ya kumsomesha mwanao ni hiyo, kwamba cheti kitazaa hela kikiwa ukutani, nakuomba umsomeshe kitu kingine.

Sasa, mtaionaje kazi kabla ya kuomba? Likizo ikifika, nenda famasi iliyo karibu na kwenu, uliza nani mfamasia msimamizi, omba kukaa na kutazama. Nimesema kutazama. Usikubali kusimama kaunta na kutoa dawa, hata kama mwenye duka ni mjomba wako na msaidizi wake amekwenda harusini Pangani. Anayetoa dawa awe amesajiliwa au amepata mafunzo yanayotambulika. Wewe kaa pembeni na daftari. Andika dawa tano zilizoulizwa sana siku hiyo, ukirudi nyumbani tafuta kila moja inatibu nini na imetengenezwa na nini. Angalia ni mara ngapi mtu amekuja kuomba "ile ya rangi mbili" bila cheti cha daktari. Angalia mfamasia anavyomkatalia bila kumdhalilisha. Hapo utajua kama unaiweza.

Nenda pia duka la dawa muhimu uone tofauti. Maduka haya yalianza majaribio Ruvuma mwaka 2003, yakaja kuchukua nafasi ya yale tuliyokuwa tukiyaita maduka ya dawa baridi, na kwa vijiji vyetu vingi ndiyo mlango wa kwanza mgonjwa anaougonga. Orodha yao ya dawa ni fupi kuliko ya famasi, na ina sababu zake. Kijana anayejua sababu hizo kabla hajafika chuoni ameshawazidi wenzake.

Jambo moja zaidi kuhusu kutazama: utakayoyaona, yafe hapo hapo. Hapa kwetu mtu akinunua dawa Barabara ya Nane, Barabara ya Ishirini wameshajua anaumwa nini. Utamwona jirani, utamwona mwalimu wako, huenda ukamwona na baba wa rafiki yako. Ukitoka hapo na habari yao mdomoni, hujafaa, hata ukiwa na A tatu.

Tuje kwenye kemia. Hapa nitakaa kidogo, mtanivumilia.

Ukifungua kopo la aspirini lililokaa miezi kadhaa bila kufungwa vizuri, hasa katika unyevunyevu huu wetu wa pwani, utasikia harufu ya siki. Kwa nini? Walio kidato cha sita jibu mnalo kwenye daftari, ila hamjui kama mnalo. Aspirini ni esta. Esta ikikutana na maji inavunjika. Aspirini ikivunjika inatoa asidi ya salisili na asidi ya asetiki, na asidi ya asetiki ndiyo iliyomo kwenye siki. Mlifundishwa haidrolisisi ya esta, mkaandika mlinganyo, mkapata alama zenu mkafunga daftari. Mfamasia anaitumia pua hiyo hiyo kusema: dawa hii imeharibika, isitoke dukani. Ndiyo maana kwenye kopo kuna kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, ambacho mama zetu wengi wanakitupa siku ya kwanza.

La pili ni spiriti. Unayo ya asilimia 95, unatakiwa utengeneze mililita 500 za asilimia 70 kwa ajili ya kusafishia ngozi. Hesabu ni ile ile ya kidato cha tatu: 500 mara 70, gawa kwa 95, unapata kama mililita 368. Unapima hizo, kisha unaongeza maji yaliyosafishwa mpaka ujazo ufike 500. Angalia nimesema mpaka ufike 500, sikusema ongeza 132, kwa sababu spiriti na maji vikichanganyika ujazo unapungua kidogo. Na kwa nini tuipunguze nguvu wakati ya 95 ni kali zaidi? Kwa sababu ile kali inagandisha protini za nje ya kimelea upesi na kukauka kabla haijapenya vizuri. Maji ndiyo yanayoisaidia kuingia. Mwanafunzi aliyelijua hili akiwa na miaka kumi na saba, mhadhiri akimwuliza mwaka wa kwanza hatatazama dari.

La tatu ni dozi. Mtoto ana kilo 12, ana homa, ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo kwa dozi moja. Hiyo ni miligramu 180. Dawa ya maji uliyonayo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Utampa mililita ngapi? Fanyeni sasa hivi, msiniangalie mimi. Saba na nusu. Na utampimia kwa kifaa kilichokuja na chupa au kwa bomba lisilo na sindano, kwa maana kijiko cha nyumbani kwa bi mkubwa na kijiko cha mgahawani kwa Mzee fulani havilingani hata kidogo.

Sasa ogopeni nukta. Ipo dawa ya moyo inaitwa digoksini, kidonge chake cha kawaida kina miligramu 0.25. Mtu akiandika bila sifuri mbele, nukta ikafifia kwenye karatasi, anayesoma anaona 25. Hata akikosea kwa nafasi moja tu akatoa 2.5, amezidisha mara kumi dawa ambayo kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana sana. Ndiyo maana sisi tunaandika sifuri kabla ya nukta, na hatuandiki sifuri baada ya namba kamili. Walimu wenu wa hesabu wakiwakata alama kwa nukta msiwaone wakorofi.

Nyinyi wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, mnaifanyia dharau BAM, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita. Najua, msinifiche. "Ni somo la ziada tu, S inatosha." Halafu mnafika chuoni mnakutana na takwimu, na grafu za dawa inavyopungua mwilini, na logarithimu, mnaanza kutafuta vitabu vya kidato cha tano mjini kote. Dawa nyingi zinatoka mwilini kwa mwendo wa nusu baada ya nusu: kama nusu ya dawa inaondoka kila baada ya saa nne, baada ya saa nane imebaki robo, baada ya kumi na mbili imebaki thumni. Hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa ameze mara moja kwa siku au mara tatu. Ile "1x3" kwenye bahasha ni hesabu ya logarithimu iliyovaa kanzu.

Fizikia nisiiseme sana. Isomeni, inatakiwa. Baiolojia someni fiziolojia ya figo na ini kuliko mnavyoisoma sasa, maana dawa karibu zote zinapita kwenye mmoja wa milango hiyo miwili zikitoka. Na Kiingereza: mihadhara na vitabu vya vyuo vyetu ni kwa Kiingereza, na majina ya dawa ni marefu. Anayesoma kurasa mbili kila siku kuanzia leo hatahangaika. Anayesubiri chuo ndipo aanze atasoma kila kitu mara mbili, mara moja kuelewa lugha, mara ya pili kuelewa somo.

Na praktiko ya kemia. Shule zetu za kata nyingine maabara ni chumba chenye meza na kufuli. Nalijua hilo. Lakini bureti moja, ule mrija wa kudondoshea kemikali tone kwa tone, ikipatikana, msiachie wavulana wawili wa mbele ndio washike kila siku. Shika mwenyewe. Mkono unaojua kusimamisha tone moja kabla rangi haijapitiliza ni mkono utakaothaminiwa sana kwenye maabara ya dawa.

Wanangu wa Tanga, kuna jambo lingine la kujivunia. Mkipanda kule Amani, Usambara ya Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na miongoni mwa miti waliyoipanda ni sinkona, ambayo gome lake linatoa kwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya baharini, askari wao walipata kwinini kutokana na gome la milima yetu. Na mkonge, huu mnaouona kutoka Muheza mpaka Korogwe na kuuona hauna maana ila kamba na magunia: katika majimaji ya majani ya mkonge kuna kitu kinaitwa hekojenini, na kuanzia miaka ya 1950 hekojenini iliyotoka kwenye mkonge wa Afrika Mashariki ilipelekwa Uingereza kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Zile krimu za kupaka mzio, asili ya baadhi yake ni taka za korona, ile mitambo ya kuchakata mkonge. Chuoni kuna somo zima la dawa zitokanazo na mimea, na Muhimbili wana taasisi nzima ya tiba asili. Mtoto aliyekulia Lushoto au Mkinga, ambaye bibi yake anajua miti, anakwenda na mtaji ambao mtoto wa ghorofani hana. Ila aende na unyenyekevu wa kupima: mti una kitu, ndiyo, lakini kiasi gani, na kinafanya nini kwenye figo? Bibi alijua la kwanza. La pili na la tatu ndiyo unakwenda kuyasomea.

Haya, sasa chukueni kalamu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni ya kidato cha sita. Shahada ya famasi ni miaka minne. Ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo vipo pia chuo cha Bugando kule Mwanza, Mtakatifu Yohana Dodoma, Kampala International University in Tanzania ya Dar es Salaam, na vingine. Msingi wa sifa ni Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu ziwe kati ya A na E, jumla isipungue pointi 6. Kumbukeni A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S nusu. Sasa msikilize: pointi 6 ni ruhusa ya kupanga foleni. Haikuhakikishii kuingia. Vyuo vya serikali vina nafasi chache na vinaanza na wenye alama za juu, na kemia inatazamwa kwanza. Anayelenga 6 anajidanganya, alenge 11 au 12, akiteleza asianguke mbali.

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi yanakwenda moja kwa moja chuoni, siyo tena kupitia mfumo mmoja wa TCU kama kaka zenu walivyofanya. Maana yake unaomba kila chuo peke yake na unalipa ada ya maombi kila mahali. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unapewa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja. Wapo wanaolala na namba hiyo mpaka muda unapita. Na someni mwongozo wa TCU wa mwaka mnaoomba, si wa dada yenu wa miaka mitatu iliyopita, masharti hubadilika.

Njia ya pili ni diploma baada ya kidato cha nne, chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Ni miaka mitatu, ngazi ya nne mpaka ya sita. Unahitaji angalau ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Hii njia watu wanaidharau na mimi naipenda. Mwenye diploma anafika kazini mapema, anaijua dawa kwa mikono yake, na akitaka shahada baadaye mlango upo kama matokeo yake ya diploma ni mazuri. Wastani wa B au GPA ya 3.0 ndiyo imekuwa ikitajwa kama chini kabisa, na utahitaji namba ya uhakiki kutoka NACTVET. Nimefanya kazi na mafundi dawa sanifu ambao daktari akikosea kwenye cheti wanaona kabla yangu.

Kwa njia hii ya pili tahadhari ni moja: vyuo. Kabla hujalipa hata shilingi, tazama kama chuo kimesajiliwa na NACTVET na kama Baraza la Famasi linakitambua kwa kozi hiyo. Asikuambie mtu kwa simu kwamba usajili "uko njiani." Namjua mzazi aliyeuza shamba la minazi kwa usajili uliokuwa njiani. Mpaka leo uko njiani.

Mwenye shahada akimaliza ana mwaka mmoja wa utarajali hospitalini na sehemu nyingine zinazokubalika, ndipo asajiliwe na Baraza baada ya kutimiza masharti yao. Kwa hiyo mzazi, hesabu yako iwe ya miaka mitano, usimwulize mshahara mwaka wa nne.

Hela. Bodi ya Mikopo inakopesha wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kukopesha na baadhi ya wanafunzi wa diploma, fani za afya zikiwemo. Maombi ni kwenye mtandao na yana muda wake. Kinachowaangusha watoto wetu mara nyingi ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na aliyefiwa na mzazi anatakiwa na cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Sasa humu ndani kuna Mwanaidi ambaye kwenye cheti cha NECTA, Baraza la Mitihani, ni Mwanahidi, kuna Bakari ambaye cheti kinasema Abubakari, na kuna aliyetumia jina la babu shuleni na jina la ukoo kwenye cheti cha kuzaliwa. Leo jioni tandazeni vyeti vyote mezani, soma jina herufi kwa herufi. Vikitofautiana, anzeni kurekebisha sasa, wakati hakuna foleni. Mwezi wa saba nchi nzima iko kwenye foleni hiyo hiyo.

Kabla hatujaanza, mama mmoja amenishika mkono pale mlangoni. Binti yake amemaliza kidato cha nne, ana C ya Kemia, C ya Baiolojia, D ya Hesabu, D ya Kiingereza na D ya Kiswahili, lakini Fizikia ana F. Anauliza kama ndoto imekufa. Nilimwambia asubiri nijibu mbele ya wote, kwa kuwa si yeye peke yake.

PCB ya kidato cha tano kwa F ya Fizikia haiwezekani, tusidanganyane. Diploma ya famasi aiombe, sifa anazo. Lakini akija kutaka shahada baada ya diploma, vyuo vimekuwa vikirudi kutazama vyeti vya kidato cha nne na kutaka angalau D katika Fizikia pia, pamoja na Kemia, Baiolojia, Hesabu na Kiingereza. Wengi wanaligundua hili wakiwa na diploma safi mkononi na miaka mitatu imeshapita. Kwa hiyo, mama, binti aombe diploma msimu huu, na wakati huo huo ajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea arudie Fizikia, somo hilo moja. Atafute mwalimu wa jioni, aanze na umeme na mwendo, ndiko alama ziliko. Aje na kitabu chake dukani kwangu Jumamosi mchana, foleni ikiwa imepungua, tuone ni wapi panapomshinda.

Haya, nani mwingine ana swali?